Alisema ni uvimbe: kisa cha mpishi wa shughuli baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Mama huyu si mtu mmoja. Nimemjenga kutokana na mambo yanayojirudia kwa wanawake wa pwani yetu wanaosafiri kwenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, kisha wakarudi nyumbani kuanza maisha ambayo hakuna aliyewaandaa kuyaishi. Umri wake, kilo zake na mfuatano wa matukio ni vya mfano. Maelezo ya kitabibu ni kama yalivyo. Nimeamua kukieleza kisa kizima kwa sababu habari za upasuaji huu karibu zote huishia kwenye picha mbili, ya kabla na ya baada. Kazi yangu ni lishe, na watu ninaowapokea wako katikati ya picha hizo.

Ana miaka 39, anakaa Tanga, ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, arobaini, maulidi: sufuria zake zinajulikana kutoka Chumbageni hadi Pongwe. Siku aliyoingia chumba cha upasuaji alikuwa na kilo 124 kwa urefu wa sentimita 160, yaani BMI (kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) ya 48. Kisukari alikuwa nacho kwa miaka tisa, presha miaka sita, magoti yote mawili yakimuuma, na kiungulia kilichomfanya alale ameegemea mito. Alikwenda India, kama wengi wa kwetu wanavyofanya familia ikijikusanya na kuuza kiwanja. Kwa kuwa alikuwa na kisukari na kiungulia pamoja, madaktari walimchagulia baipasi ya tumbo.

Katika baipasi, tumbo hukatwa na kubakizwa mfuko mdogo juu, unaoingia kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Kisha utumbo mwembamba hukatwa na kuungwa moja kwa moja kwenye mfuko huo, hivyo chakula kinapita bila kugusa sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Edward Mason na Chikashi Ito walianza kuifanya mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, baada ya kuonekana kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda walikuwa wakipungua na kubaki hivyo. Nataka msomaji ashike jambo moja hapa, maana ndilo linalosahauliwa: mama huyu hakupunguziwa ukubwa wa tumbo tu. Chakula, dawa na vitamini vyote vilibadilishiwa njia.

Waliojua ukweli walikuwa wawili, mumewe na mdogo wake wa kike. Wengine wote waliambiwa anakwenda kutolewa uvimbe wa kizazi. Sababu zake nilizisikia baadaye na sikuziona za kipuuzi. Aliogopa kuambiwa amelipa mamilioni kwa kitu ambacho mwenye nidhamu angekimaliza kwa kufunga mdomo. Aliogopa ndugu wangeuliza kiwanja kimeuzwa kwa ajili gani. Na aliihofia kazi yake: mpishi mnene huaminika, lakini nani atampa sufuria za harusi mpishi ambaye hawezi kumaliza sahani?

Madhara yote makubwa yaliyofuata, nikiyafuatilia hadi chanzo chake, yanafika kwenye siri hiyo. Upasuaji wenyewe ulifanywa vizuri.

La kwanza lilikuwa la dawa. Baada ya baipasi sukari ya damu hushuka mapema, mara nyingi ndani ya siku chache, kabla hata kilo hazijapungua sana. Mgonjwa anakula kidogo mno, na chakula kinawahi kufika sehemu ya utumbo inayotoa homoni za kuamsha insulini. Hospitali ilikuwa imemwondolea glibenklamaidi, dawa yake ya kushusha sukari, imepunguza dawa za presha, na imeandika hayo kwenye ripoti aliyoruhusiwa nayo. Ripoti ikabaki kwenye begi la safari. Kliniki ya karibu na kwake ilipoona kadi yake ya zamani ilimpa dawa zilezile, naye akanyamaza kwa sababu nesi wa pale ni jirani yake. Wiki hiyohiyo alianguka jikoni alfajiri, jasho likimtiririka, sukari ya damu ikiwa imeshuka hadi 2.6. Wakampa soda, akazinduka, ikasemwa ni uchovu wa safari. Mumewe ndiye aliyevitupa vidonge.

La pili lilikuja na wageni. Kwetu mtu akitoka hospitali haachwi peke yake. Mama mkwe alikuja na supu ya kuku wa kienyeji, wifi akaleta wali wa nazi na samaki wa kupaka, shangazi akaja na uji wa sukari uliojaa chupa. Kwa mwanamke anayedhaniwa ametolewa uvimbe, hayo ndiyo mapenzi, na ndiyo tiba: "Kula, damu irudi." Hakuna hata mmoja wa kulaumiwa. Lakini wiki ya tatu baada ya baipasi mtu anapaswa kuwa kwenye chakula laini kilichopondwa, kijiko kimoja kimoja, mlo wa vijiko vichache ukichukua dakika 20 hadi 30, na maji yanywewe mbali na chakula, si juu yake. Yeye alikula tonge tatu za wali ili asimuudhi mama mkwe, akasindikiza na maji. Wali hunata na kukwama pale kwenye muungano. Kifua kikabana, mate ya povu yakajaa mdomoni, akakimbilia chooni na kutapika akiwa amefungulia bomba ili asisikike.

Ikawa desturi. Mchana anakula mbele ya watu, baadaye anatapika. Baada ya wiki mbili nyayo zikaanza kufa ganzi na kuchomachoma, na akisimama anayumba.

Hapa naomba wahudumu wenzangu tusome polepole. Akiba ya thiamini mwilini, yaani vitamini B1, ni ya wiki mbili tatu tu. Mtu aliyepasuliwa tumbo akitapika kila siku, akiba hiyo huisha, na mishipa ya fahamu huanza kuumia. Mtu huyo akitundikiwa dripu ya glukosi bila kupewa thiamini kwanza, mwili huitumia chembe ya mwisho iliyobaki kuichoma hiyo sukari, na ubongo unaweza kudhurika moja kwa moja: macho kucheza, akili kuchanganyikiwa, kumbukumbu kupotea. Mama huyu alipelekwa hospitali akiwa ameishiwa maji. Historia aliyoitoa ilikuwa uvimbe wa kizazi. Chupa ya glukosi ilikuwa tayari imetundikwa, haijafunguliwa, pale mdogo wake alipomfuata daktari koridoni na kumwambia ukweli. Sindano za thiamini zilitangulia, dripu ikafuata, na ganzi ya miguu ikapungua kidogo kidogo kwa miezi.

Alipofika kwangu nilitaka kwanza kujua nani anapika nyumbani, nani anapakua, na wanakula wangapi pamoja. Walikuwa wanakula kwenye sinia moja. Sinia ni jambo zuri ambalo sipendi kulivunja, lakini lina mwendo wake: anayechelewa anakosa, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Tukakubaliana akae palepale mkekani na wenzake, ila chakula chake kiwe kwenye kisahani, akitumia kijiko cha chai.

Kisha tukaugeuza mpangilio wa mlo. Kwetu chakula ni ugali au wali, na kitoweo ni cha kusukumia. Kwake kitoweo ndicho chakula, kitangulie, mboga zifuate, ugali uje mwisho kama nafasi imebaki, na siku nyingi haibaki. Anahitaji protini isiyopungua gramu 60 kwa siku, laa sivyo mwili utakula misuli yake wenyewe. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa au mtindi gramu 8, kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa gramu 20 na ushei. Ukihesabu hivyo unaona kwamba Tanga, penye samaki, dagaa, maharage na kunde, lengo hilo linafikika bila kununua unga wa makopo wa bei kali. Nyama ya kuchoma ilimkwama; changu wa kuchemsha, kunde zilizopondwa na mayai vikapita. Mihogo aliiacha mwenyewe baada ya kukabwa.

Sukari ilimfundisha kwa ukali. Chai ya vijiko vinne vya sukari ilimwacha, ndani ya robo saa, moyo ukienda mbio, jasho, tumbo likikata na kuhara. Kwa kuwa hakuna tumbo la kuizuia, sukari humiminika utumboni kwa mkupuo na kuvuta maji mengi kutoka kwenye damu. Na saa moja hadi tatu baadaye insulini iliyotolewa kwa wingi huiteremsha sukari ya damu kupita kiasi, mtu akatetemeka tena. Alidhani kisukari kimerudi kwa sura mpya. Nilipomchorea kinachotokea alipumua. Chai ya tangawizi isiyo na sukari anainywa mpaka leo, nusu saa baada ya kula, si pamoja na chakula.

Hadi hapo mtu anaweza kuona kisa kinanyooka. Lakini kilichomliza mbele yangu ni pilau. Homoni ya njaa ilikuwa imepungua, na homoni za kushiba zimepanda, hivyo tumbo lilikuwa kimya. Njaa ilikata, hamu haikukata. Alikuwa akisimama juu ya sufuria ya kilo 50 za mchele, mvuke wa bizari na karafuu ukimpanda usoni, akijua kwamba ile furaha ya kula na wenzake jikoni alfajiri, kazi ikiwa imekwisha, haipo tena kama zamani. Huu ni msiba wa kweli, nasi wahudumu hatuna haki ya kuupuuza kwa kumwambia ashukuru amepungua. Kwa mwanamke huyu chakula kilikuwa kazi, sifa, na namna yake ya kupenda watu. Tulizungumza hilo kwa muda mrefu kuliko tulivyozungumza vitamini. Kazini alimpa mpwa wake jukumu la kuonja, yeye akabaki na ncha ya kijiko kwa chumvi tu.

Mwezi wa sita baada ya upasuaji alikuwa na kilo 92. Nywele zilikuwa zikikatika, jambo la kawaida kati ya mwezi wa tatu na wa sita mwili ukipungua haraka, na ambalo hurudi kuwa sawa protini na madini ya chuma vikitosha. Mashavu yaliingia ndani, magauni yakawa makubwa. Wakaanza kusema ana ngoma.

Tusijifanye hatuelewi walikotoa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi kabla ya dawa, kukonda ndiko kulikokuwa tangazo la kifo. Kizazi kilichoona hayo bado kipo, na kimewafundisha watoto wake kusoma miili ya watu. Mtu akinenepa anaambiwa amenawiri; akikonda anapewa pole, na maswali yanaulizwa nyuma ya mgongo wake. Familia mbili zilivunja oda za harusi. Mumewe aliacha kwenda barazani baada ya magharibi kwa sababu ya vijembe. Yeye hakuweza kujitetea, maana kila jibu la kweli lingefichua uongo wa kwanza.

Mwezi wa tisa alipika harusi kubwa, akasimama usiku kucha, magoti yakavimba. Asubuhi akaenda duka la dawa alilolizoea, akachomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, na kupewa vidonge vya siku kumi. Muuzaji alimuuliza kama ana vidonda vya tumbo. Alijibu hapana, na kwa alivyojua alikuwa amesema kweli.

Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini ya maumivu na ndugu zao huzuia kemikali zinazolinda utando wa tumbo. Aliyefanyiwa baipasi ana sehemu moja dhaifu kuliko zote, pale mfuko ulipoungwa na utumbo, na kidonda cha hapo huweza kutoboka au kuvuja damu. Wengi hudhani sindano ni salama kwa kuwa haipiti tumboni. Si kweli, madhara hufika kwa njia ya damu. Kwa maumivu ya magoti yake dawa ya kuanzia ni parasetamoli, barafu, na kiti jikoni.

Choo chake kilikuwa cheusi. Alikuwa ameambiwa vidonge vya madini ya chuma hugeuza rangi ya choo, akajituliza kwa hilo. Cha chuma huwa cheusi kikavu. Chake kilinata kama lami na kilinuka vibaya. Siku ya tano alizimia. Hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa imeshuka hadi 6.2, kamera ikaonyesha kidonda kwenye muungano, na daktari akaomba ndugu wajitokeze kutoa damu.

Siri ikaishia hapo. Ndugu walijaa nje ya wadi wakiuliza: uvimbe si ulishatolewa? Damu hii inatoka wapi? Mumewe aliwakusanya chini ya mwarobaini akawaeleza yote, tangu kiwanja hadi kidonda. Mama mkwe hakusema neno juu ya upasuaji wala pesa. Aliingia wadini akasema, "Mwanangu, miezi yote hii nakulisha wali na wewe unanitazama tu?" Alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na haki yake, alikuwa amefanywa kuwa chombo cha kumuumiza mtu anayempenda.

Mitaani ikavuma kwamba "ameweka puto", kwa kuwa watu walikuwa wamesikia habari za puto la tumboni linalowekwa hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam. Alitaka kuwasahihisha, nikamshauri awaache mtaa na puto lao. Ila tofauti ni kubwa kitabibu: puto huwekwa kwa miezi kadhaa kisha hutolewa, na baipasi ni ya maisha. Kila anayemwandikia dawa lazima aijue tofauti hiyo. Sasa anatembea na karatasi moja ya Kiswahili kwenye pochi, tuliyoiandika pamoja: amefanyiwa nini na mwaka gani, asipewe diklofenaki wala jamii yake kwa njia yoyote, akitapika mfululizo apewe thiamini kabla ya glukosi, vitamini anazotumia ni zipi. Ni karatasi ambayo hospitali yoyote inayopokea mgonjwa wa kutoka mbali ingeweza kumpa siku ya kuruhusiwa, na nashindwa kuelewa kwa nini haipo.

Haina maana kwamba alipaswa kuutangazia mji mzima. Mwili wake ni wake. Anayempikia, anayempa dawa na anayelala naye walipaswa kujua. Wengine ni hiari yake.

Ramadhani ilikuja baada ya kidonda kupona kwa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Swaumu mwaka ule aliiacha kwa ushauri wa daktari na shehe wa msikiti wao, kwa kuwa alikuwa bado anahitaji kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa ili afikishe lita moja na nusu, na dawa zake zilikuwa za kugawanywa. Ugumu ulikuwa magharibi, kwa sababu futari ya pwani ni ya sukari: tende, kaimati, tambi, uji. Mama mkwe sasa ndiye mlinzi. Alikuwa akimpikia mbaazi za nazi nyepesi na samaki, na kuwakatisha wageni kabla hawajafungua mdomo.

Uzazi tuliuzungumza mbele ya mumewe. Uzito ukipungua, hedhi iliyopotea hurudi na mimba huweza kuingia bila kutarajiwa, wakati mwili bado unapungua na akiba ni ndogo. Hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki vizuri baada ya baipasi, kwa hiyo alichagua kijiti. Mumewe aliuliza, kwa sauti ya chini, kama mkewe angerudia mwili kidogo. Alijibiwa na mkewe mwenyewe, si mimi, kwamba magoti yale yaliyokuwa yakimzuia kurukuu ndiyo aliyoyaoa pia.

Mwezi wa 18 alikuwa na kilo 83. Kisukari kimetulia bila dawa, presha iko kwenye kidonge kimoja, kiungulia kimekwisha. Ngozi ya tumbo na mikono imelegea, na joto la Tanga linamletea vipele kwenye mikunjo. Tunatumia poda na kitambaa cha pamba. Sindano ya vitamini B12 anachomwa kila mwezi, maana bila asidi ya kutosha ya tumbo vitamini hiyo haiingii vizuri mwilini, na kwa kuwa akiba ya ini hudumu kwa muda mrefu, upungufu wake huonekana mtu akiwa amekwisha kusahau kwamba alipasuliwa. Kalsiamu anameza ile ya sitreti, si ya kaboneti inayojaa madukani ambayo huhitaji asidi kuyeyuka, na anaitenganisha na chuma kwa saa mbili.

Kilichobaki wazi ni viwili. Akiba ya chuma bado iko chini hata kwa vidonge, kwa sababu sehemu ya utumbo inayokinyonya zaidi ndiyo iliyorukwa, na hedhi ni nzito. Tumepanga chuma cha dripu mwezi ujao, bei yake familia inaichanga. La pili, kilo mbili zimerudi tangu mwezi wa 15. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza 1987, ulioongozwa na Lars Sjöström, ulionyesha kwamba wengi hufika chini kabisa mwaka wa kwanza au wa pili, kisha sehemu ya uzito hurudi kabla ya kutulia, na hata hivyo vifo vilikuwa vichache kuliko kwa wasiopasuliwa. Kwa hiyo sikushtuka, ila tulitafuta zinakotoka. Ni visheti na karanga za kuonjaonja jikoni usiku wa shughuli, kidogo kidogo hadi alfajiri, vitu ambavyo mfuko mdogo hauvizuii. Oda inayofuata ni ya harusi ya watu 600, na mpwa wake amekubali kubeba kisahani cha mayai na dagaa na kumkumbusha kukaa kula kila baada ya saa tatu.